Shamba na malisho yanapogeuka jangwa: dalili, vyanzo na pa kuanzia kurekebisha

Anayeuliza kuhusu ardhi iliyochoka karibu kila mara huanza na mvua: zimepungua, zimechelewa, hazieleweki. Mara nyingi ni kweli, na hakuna mkulima wa Dodoma, Singida, Kitui au Baringo anayehitaji kukumbushwa. Hata hivyo mwongozo huu unaanza na swali jingine: tone likishadondoka shambani kwako, linakwenda wapi? Katika nyanda kame swali hilo hueleza matatizo mengi zaidi kuliko kiasi cha mvua chenyewe, na jibu lake liko mikononi mwa watu wanaolima, wanaochunga, wanaokata kuni na wanaopanga matumizi ya ardhi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na kuenea kwa jangwa, uliopitishwa Paris tarehe 17 Juni 1994, unaita hali hii uharibifu wa ardhi katika maeneo makavu, unaosababishwa na mabadiliko ya hali ya hewa pamoja na shughuli za binadamu. Kwa hiyo usisubiri kuona mchanga wa Sahara ukifika kijijini. Huku kwetu jangwa huanza na kipara cha hatua chache katikati ya malisho, kisha vipara hukutana.

Dalili zilizo hapa chini ndizo zinazoripotiwa mara kwa mara. Chini ya kila moja, vyanzo vimepangwa kuanzia kinachotokea sana hadi kinachotokea kwa nadra. Anza na ukaguzi rahisi; usikimbilie kukodi trekta au kuchimba kisima.

Kabla ya yote: ni mvua au ni ardhi?

Tafuta sehemu ya kulinganisha. Inayofaa zaidi ni makaburi ya zamani, au ua wa shule, kanisa au msikiti uliozungushiwa uzio kwa miaka mingi, mradi udongo na mwinuko wake vifanane na vya kwako. Mvua iliyonyesha pale ndiyo iliyonyesha kwako. Ukikuta pale pana nyasi na kwako ni kipara, chanzo kikubwa ni matumizi. Ukikuta pote pamekauka sawasawa, subiri msimu mmoja wa mvua nzuri kabla ya kutoa hukumu. Ardhi iliyopigwa na ukame peke yake huota tena mvua ikirudi. Iliyoharibika hubaki wazi hata mwaka wa neema.

Vifaa vya ukaguzi ni vichache: jembe, kipande cha nondo, kopo lililokatwa juu na chini, glasi mbili na chupa ya maji ya mvua. Maji ya bomba au ya kisima yanaweza kuwa na chumvi na kukudanganya.

Dalili ya 1: Mvua inanyesha, lakini siku ya tatu shamba limekauka

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Fanya hesabu kwanza. Mvua ya milimita 30 ikinyesha kwenye ekari moja ni zaidi ya lita 120,000 za maji. Nusu yake ikitiririka na kuondoka, umepoteza maboza sita ya lita 10,000 kwa siku moja. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo vichache. Mkulima anayepoteza nusu ya vishindo hivyo analima kama mtu aliyehamia mkoa mkavu zaidi, ingawa hajasogea hata hatua moja.

Chanzo cha kwanza ni gamba gumu juu ya udongo. Matone yakipiga udongo usiofunikwa, chembe ndogo hupasuka, huziba vitundu na kukauka zikiwa tabaka laini linalong'aa. Ukaguzi: chomeka kopo sentimita chache ardhini, mimina maji, uangalie yanachukua muda gani kuzama. Rudia chini ya kichaka au kwenye ule ua wa shule. Tofauti utaiona kwa macho. Kisha tumbukiza bonge kavu la udongo kwenye glasi ya maji ya mvua. Likisambaratika mara moja, mboji imekwisha. Likishikamana, udongo bado una uhai.

Gamba hilo linatokana na nini? Kwa kawaida ni mabua kuchomwa au kuliwa yote baada ya mavuno, miaka nenda rudi, bila samadi kurudi. Dawa yake ni kifuniko. Acha angalau sehemu ya mabua shambani, rudisha samadi, na vunja gamba kwa mashimo ya kupandia. Katika kijiji cha Chololo, Dodoma, wakulima wanatumia mashimo yanayoitwa kwa jina la kijiji chao: upana wa sentimita 20 hivi, kina cha sentimita 20 hadi 30, umbali wa sentimita 60 kati ya shimo na shimo na 90 kati ya mstari na mstari, samadi ndani. Burkina Faso wana mashimo ya zai yanayofuata njia hiyo hiyo, na huko wamegundua jambo ambalo wakulima wengi wa kwetu hawataki kusikia: mchwa wanaovutwa na samadi hutoboa ardhi ngumu na kuingiza maji. Kabla ya kumwaga sumu kwenye kichuguu, hakikisha kwanza kwamba mchwa anakula mazao yako. Huenda anakula masalia makavu tu.

Chanzo cha pili ni sakafu ngumu chini ya jembe. Plau ikipita kwenye kina kile kile kila mwaka, hasa udongo ukiwa umelowa, hugandamiza tabaka la chini. Siku moja baada ya mvua, sukuma nondo ardhini kwa mkono. Ikishuka vizuri, halafu ikagoma ghafla kwenye sentimita 15 au 20, umeipata. Ng'oa na mmea mmoja: mzizi uliopinda ubavuni unasema jambo hilo hilo. Pasua mistari ya kupandia kwa ripa, jembe linalochana ardhi bila kuigeuza, wakati wa kiangazi, na panda mbaazi, kwa kuwa mizizi yake hushuka mbali. Usilime shamba zima upya kwa plau ukitarajia kulainisha. Utaisogeza sakafu chini kidogo tu.

Historia ina onyo lake hapa, na lilitokea Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga uliolenga ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa yake katika Tanganyika. Matrekta yaling'oa vichaka, jua likapiga udongo wa mfinyanzi ulioachwa uchi, ukawa mgumu kiasi cha kuharibu majembe na kukataa kuachia karanga wakati wa kuvuna. Mvua zilipokosekana hakukuwa na kitu. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Wagogo waliokuwa wakiishi pale walikuwa wafugaji na wakulima wa mtama na uwele, na walikuwa na sababu zao.

Chanzo cha tatu ni mteremko usio na kinga maji. Mistari ya kupandia ikishuka na mlima, umewachimbia maji mifereji ya kukimbilia. Tengeneza fremu A: miti miwili mirefu iliyofungwa juu, mmoja mfupi wa kukatiza, kamba na jiwe likining'inia. Tafuta usawa, weka vigingi, kisha chimba mfereji wa fanya juu, yaani udongo utupwe upande wa juu. Machakos ni ushahidi. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliieleza wilaya hiyo kama ardhi iliyokwisha. Kufikia 1990 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na vilima vile vile vilikuwa vimejaa matuta na mazao. Anayesema watu wakiongezeka lazima ardhi ife atazame Machakos kwanza.

Mahali pasipo na maji mengi ya kukimbia, lakini mtama umedumaa na chini yake kuna vimaua vya zambarau, hiyo ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Kiduha hushika udongo uliochoka. Ng'oa kabla haijachanua, kwa sababu mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu zinazodumu ardhini miaka mingi. Zungusha kunde au karanga, weka samadi.

*Simama hapa* kama bonge la udongo kwenye glasi liliyeyuka na maji yakabaki kama maziwa kwa saa nyingi. Huo unaweza kuwa udongo wenye sodiamu nyingi, na ukiuchimba mifereji utageuka makorongo. Peleka sampuli maabara kabla ya kuinua jembe.

Dalili ya 2: Korongo limezuka na linapanda kuelekea juu

Usianzie ndani ya korongo. Tembea hadi kichwani mwake, kisha endelea kupanda, ikiwezekana wakati mvua inanyesha, hadi uone maji yanatoka wapi.

Mara nyingi utafika barabarani. Kalavati moja hukusanya maji ya mteremko mzima na kuyatema kwenye shamba la mtu kwa nguvu. Kinachofuata kwa wingi ni njia ya mifugo inayoshuka moja kwa moja kwenda kwenye maji: kwato hukata nyasi, njia huzama, maji huifuata. Halafu kuna mipaka ya mashamba iliyochimbwa kufuata mteremko. Makorongo yanayotokana na ardhi yenyewe bila mkono wa mtu yapo, ila ni machache kuliko tunavyopenda kuamini.

Marekebisho yana mpangilio usiovunjwa. Geuza au punguza maji kule juu kwanza. Kisha zuia kichwa cha korongo kwa mawe yaliyopangwa. Ndipo ujenge vizuizi vidogo vya mawe au matawi kwenye mkondo, kila kimoja kikiwa na sehemu ya chini katikati ili maji yapite hapo na yasile pembeni. Mwisho, otesha nyasi na mkonge kingoni. Watu wengi huanza na kizuizi kikubwa cha magunia ya mchanga. Mvua ya kwanza hukizunguka na korongo huwa mawili.

*Simama na uite mtaalamu* korongo likizidi kimo cha mtu, likikaribia nyumba, daraja au barabara, au ukiona mashimo yanatoboka kwenye kuta zake. Kuta hizo huporomoka bila kutoa taarifa, na watoto hupenda kucheza humo. Barabara za vijijini Tanzania ziko chini ya TARURA, na barabara kuu na za mikoa chini ya TANROADS. Maombi yaandikwe na serikali ya kijiji na yaambatane na picha.

Dalili ya 3: Malisho yamebaki vipara na vichaka vya miiba

Pima kabla ya kulaumu. Tembea hatua 100 kwa mstari ulionyooka, na kila hatua angalia ncha ya kiatu imegusa nini: nyasi hai, nyasi kavu zilizolala, jiwe au udongo mtupu. Hesabu. Kisha chunguza nyasi zilizopo kama ni za kudumu, zenye shina nene la miaka, au ni za msimu mmoja zinazong'oka kwa vidole viwili. Malisho yaliyobaki na za msimu tu yanaonekana ya kijani mwezi Februari na kufa mwezi Juni.

Watu wengi wangeandika "mifugo mingi" kama chanzo cha kwanza. Naiweka ya tatu, na sifanyi hivyo kumpendeza mfugaji.

Cha kwanza ni mifugo kukaa mahali pamoja mwaka mzima. Nyasi za kudumu huvumilia kuliwa sana kwa muda mfupi. Zisichovumilia ni kuliwa, kuchipua na kuliwa tena kabla mizizi haijajaza akiba. Mababu wa Wamasai, Wabarbaig na Wagogo walihamisha mifugo kwa misimu na hivyo kuipa ardhi likizo. Sehemu za kiangazi zilipogeuzwa mashamba makubwa, hifadhi, ranchi au makazi, mapito yakafungwa na mifugo ikabaki kuzunguka kijiji. Tatizo halikuletwa na kuhama. Lilikuja kuhama kulipozuiwa, na mara nyingi amri ilitoka ofisini.

Cha pili ni maji. Lambo au kisima kimoja kikubwa kinachotoa maji mwaka mzima huvuta mifugo yote, na kukizunguka hutokea duara la vumbi linalopanuka. Ukiona uharibifu umejipanga hivyo, tafuta ufumbuzi kwenye ratiba ya maji. Fungeni kisima cha malisho ya kiangazi wakati wa masika.

Cha tatu ni idadi, na ipo kweli. Cha nne ni moto wa mwishoni mwa kiangazi, unaochoma hadi mizizi. Ukame mtupu ni wa mwisho.

Marekebisho yenye ushahidi ni ya kufunga sehemu kwa zamu. Wasukuma wana ngitili: malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi. Shinyanga ilikuwa imefyekwa misitu kwa miongo mingi, kwanza katika kampeni za kuua mbung'o wakati wa Waingereza, kisha kwa pamba, kisha watu walipohamishiwa vijiji vipya miaka ya 1970 na kuacha ngitili zao nyuma. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, za kaya na za vijiji. Miti ilirudi bila kupandwa mingi. Kilichorudishwa kwanza ni haki ya watu kufunga malisho yao na kuheshimiwa.

Kwenye vipara vigumu ambako mbegu haishiki, chimba mashimo ya nusu duara yenye mdomo unaotazama juu ya mteremko, na upande mbegu za nyasi za kudumu ndani. Fungia mifugo msimu mmoja au miwili. Miiba iliyokatwa inatosha kuwa uzio. Waya si lazima.

*Onyo kubwa.* Usichimbe mfereji, usiweke uzio wala kulima kwenye mapito ya mifugo kwa uamuzi wako peke yako, hata kama unaamini una haki. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Kilosa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Mkiona vijana wameanza kubeba silaha kwenye mpaka, acheni habari ya nyasi. Ofisi ya kijiji, wazee wa pande zote mbili na mkuu wa wilaya wajue siku hiyo hiyo.

Dalili ya 4: Miti imekwisha, na inayopandwa inakufa

Vyanzo: mkaa, kuni, kufyeka mashamba mapya, kuchoma matofali. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kutoka kilo 100 za kuni kavu, na mteja yuko Dar es Salaam au Nairobi. Kumkamata mchomaji mmoja hakubadilishi bei ya gunia mjini.

Ukaguzi ni mmoja, na wengi huuruka: angalia chini. Shamba linaloitwa "halina mti" mara nyingi lina mamia ya visiki vinavyochipua kila mwaka na kukatwa na jembe kila mwaka. Mizizi yake iko hai na ina kina ambacho mche wa kitalu utakitafuta kwa miaka. Ndiyo maana napendekeza kisiki hai kabla ya kupanda mche wowote. Chagua visiki unavyovitaka. Kwa kila kimoja bakiza machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, kata mengine, pogolea matawi ya chini hadi karibu nusu ya urefu, funga kitambaa cha rangi ili mchungaji na mpalizi wajue kina mwenyewe. Rudia kila baada ya miezi michache. Gharama yake ni kisu kikali.

Niger walifanya hivyo kuanzia miaka ya 1980 katika eneo la Maradi, na miti imerudi kwenye mamilioni ya hekta za mashamba. Dodoma njia hii imeenea vijijini katika miaka ya karibuni. Kule Niger mambo yalikwenda kasi pale mkulima alipoanza kuaminiwa kuwa mti wa shambani kwake ni wake. Kama kwenu mkulima anaogopa kwamba mti akiukuza ataombewa kibali hata kukata tawi, ataendelea kuung'oa ukiwa mdogo, na semina hazitamzuia. Mwulizeni ofisa wa misitu, mbele ya mkutano wa kijiji, miti ya shambani ni ya nani, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Dalili ya 5: Kuna kijani kila mahali, lakini mifugo haishibi

Ardhi inaweza kufa ikiwa ya kijani. Baringo, mti wa *Prosopis juliflora* uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia vumbi na kutoa kuni. Leo watu wanauita mathenge. Umefunga malisho na njia, na maganda yake matamu yameozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 jamii ya Wailchamus iliipeleka serikali mahakamani, na mbuzi asiye na meno akafikishwa kama ushahidi.

Ukaguzi: chungulia chini ya kichaka. Kama hakuna nyasi na miche ya mti mmoja imejaa, ndilo tatizo. Ikiwa michache, ng'oa na mizizi ingali midogo. Ukiukata juu tu unachipua mashina mengi zaidi. Msiruhusu mifugo kula maganda na kuhamia eneo safi, kwa sababu mbegu husafiri tumboni. Ikishafunika hekta nyingi, iteni ofisa misitu; moto na sumu za kubahatisha huongeza uharibifu. Na msikubali mche wowote wa "mti unaokua haraka jangwani" kabla hamjauliza umefanya nini ulikotoka.

Dalili ya 6: Lambo limejaa tope, kisima kinakauka mapema

Kuchimbua tope ni kutibu dalili. Watafiti waliopima mabwawa ya karibu na Dodoma, kama Ikowa na Matumbulu, miaka ya 1960 na 1970, waliona kuwa sehemu kubwa ya tope ilitoka kwenye udongo unaosombwa juu juu mashambani na malishoni, huku makorongo yanayotisha macho yakichangia kidogo zaidi. Kwa hiyo rudi Dalili ya 1 na ya 3, upande wa juu wa lambo, kabla ya kukodi mtambo.

Kwa kisima, anza na swali la nani amechimba karibu hivi karibuni na anapampu kiasi gani. Kisha fika mtoni. Mto wa mchanga ni ghala la maji. Kitui na Makueni wamejenga mabwawa ya mchanga kwa sababu hiyo, na malori yanayochota mchanga wa kujengea nyumba za mjini yanabeba ghala hilo. Maji ya chini ya ardhi katika nyanda kavu hayajazwi kila mwaka. Kumbukumbu za kina cha maji ya visima vya Makutupora, karibu na Dodoma, zilizoanza miaka ya 1950, zinaonyesha kuwa sehemu kubwa ya maji huingia katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ya El Niño ya 1997 na 1998. Miaka inayobaki mnatumia akiba.

*Simama:* usiongeze kina cha kisima kwa kubahatisha. Kina kikubwa zaidi huweza kufika kwenye maji ya chumvi au kukausha kisima cha jirani. Tafuta mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi kupitia bodi ya maji ya bonde lenu. Kibali cha kuchimba kinatoka huko pia.

Dalili ya 7: Unga mweupe juu ya udongo wa umwagiliaji

Mimea inanyauka ilhali udongo umelowa, na kingo za mifereji zina ukoga mweupe wenye ladha ya chumvi. Karibu kila mara chanzo ni kumwagilia bila njia ya maji kutoka: jua linakausha maji na kuacha chumvi. Kinachofuata ni maji ya kisima yenye chumvi tangu mwanzo.

Chimba shimo la mita moja na nusu. Maji yakijitokeza humo, tatizo ni kukosa mtaro wa kutolea, na kumwagilia zaidi kutapandisha chumvi. Chimbeni mtaro kwanza, ndipo msafishe kwa maji mengi. Udongo wa magadi, ule wa maji ya maziwa kwenye glasi, huhitaji jasi, ambayo inachimbwa Tanzania, Makanya wilayani Same kwa mfano. Kiasi chake hutegemea kipimo, kwa hiyo hapa maabara haikwepeki: TARI Mlingano, SUA Morogoro, au KALRO kwa walio Kenya.

Dalili ya 8: Umerekebisha, na hali imerudi

Angalia kwanza kama kinga maji zimezibuliwa tangu zijengwe. Halafu tazama kama eneo lililofungwa lilifunguliwa mwaka wa kwanza wa njaa. Kisha uliza ardhi ni ya nani. Mtu anayekodi shamba msimu kwa msimu hawezi kulaumiwa kwa kutoweka samadi ambayo faida yake itavunwa na mwingine. Mkataba wa miaka mitano ni pembejeo kama mbolea.

Mwisho, tazama nje ya mpaka wenu. Kondoa iliharibika kiasi kwamba mwaka 1979, chini ya mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, mifugo yote iliondolewa katika eneo lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,250. Uoto ulirudi, na vilima vilivyokuwa vyekundu vikafunikwa. Lakini mifugo ilihamia kwa majirani, na mzigo ukahama nayo. Familia nyingi zilikosa maziwa na samadi hadi ufugaji wa zizini uliporuhusiwa miaka ya baadaye. Kabla ya kufunga chochote, jueni mifugo itakwenda wapi na nani atailisha.

Tatizo likivuka kijiji kimoja, hakuna jembe linaloweza kulimaliza. Hapo ombeni mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi kupitia halmashauri na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Kwa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa serikali ya kijiji nafasi ya kuusimamia. Nendeni na mchoro wa mkono unaoonyesha mapito, maji, makorongo na malisho ya kiangazi, matokeo ya hatua zenu 100, na picha zilizopigwa mahali pale pale masika na kiangazi. Wafugaji wawemo kwenye msafara tangu siku ya kwanza, pamoja na wanawake wanaochota maji na kuni, kwa sababu wao ndio wanaojua kisima kilianza kukauka mwezi gani.